Gogo halina pembe: Tafsiri inavyompotosha mwanafunzi wa fizikia

Shule zilipofunga mwezi Agosti nilikwenda nyumbani upande wa Litein, pale Kericho inapokaribiana na Bomet na majani chai yakatanda kilima baada ya kilima hadi jicho likachoka. Jioni moja, mvua ya alasiri ikiwa imekatika, kijana wa jirani alikuja na karatasi mkononi. Yuko shule ya upili na anapenda fizikia, au tuseme alikuwa akiipenda hadi wiki hiyo.

“Chamgei, Prof,” alisema. “Wewe ni mtu wa Kiswahili. Hebu nisomee hili swali. Nimepata 480 na mwalimu amenipiga mkasi. Nimerudia mara tatu, bado ni 480. Labda fizikia si yangu.”

Nilivaa miwani. Swali lenyewe liliandikwa hivi: “Hesabu msuguano juu ya kitu chenye uzito wa kilo 120 kilichovutwa kwenye pembe ya 30 na nguvu ya nyutoni 450 kwa kasi ya mara kwa mara. Mgao wa msuguano ni 0.4. Kumbuka nguvu ya kawaida.”

Kijana alinieleza kwamba swali hilo asili yake ni Kiingereza. Mtu fulani, kwa nia njema kabisa, alilipitisha kwenye programu ya kutafsiri ili wanafunzi walielewe kwa wepesi wakiwa likizoni. Nia njema siilaumu. Lakini nia njema haikokoti gogo. Leo nataka tuliangalie swali hili kama tunavyohakiki shairi au tamthilia, neno kwa neno, kwa sababu nina hakika kwamba kijana huyu hakushindwa na fizikia. Alishindwa na Kiswahili ambacho si Kiswahili.

Tuanze na mambo madogo. “Msuguano juu ya kitu.” Jameni, kitu kikiburutwa ardhini kinasuguana na ardhi juu au chini? Anayesoma “juu ya kitu” kwa Kiswahili chake cha kila siku ataona kitu kimesuguliwa mgongoni, au atadhani anaulizwa habari kuhusu kitu. Kihusishi cha Kiingereza kimebebwa mzimamzima. Kiswahili kingesema “msuguano kati ya gogo na ardhi”, na hapo jambo muhimu lingejitokeza lenyewe: msuguano ni wa wawili. Neno lenyewe linatangaza hivyo. Mzizi ni sugua. Kile kiambishi -an- ni cha kutendana. Hakuna kitu kinachosuguana peke yake. Ndiyo maana magazeti yetu huandika juu ya msuguano baina ya serikali na walimu na kila msomaji akaelewa kuwa kuna pande mbili. Lugha imemwekea mwanafunzi nusu ya somo mezani, halafu mtafsiri akalifunika kwa “juu ya”.

La pili ni “kilichovutwa kwenye pembe”. Hapa nilicheka hadi kijana akanitazama. Pembe kwa Kiswahili ni neno lenye kazi nyingi. Ng'ombe ana pembe. Nyumba ina pembe nne. Ndovu aliuawa kwa ajili ya pembe. Na katika jiometri, mistari miwili inapokutana hufanya pembe. Ukiniambia kitu kimevutwa kwenye pembe, mimi mtu wa Kericho niliyekulia kwa ng'ombe naona mnyama ameshikwa pembe na anakataa kuingia boma. Mtu wa mjini ataona kabati limevutwa hadi kwenye kona ya chumba. Hakuna hata mmoja wetu atakayeona kamba iliyoinuka kutoka ardhini kwa digrii 30, na hiyo ndiyo picha ambayo swali zima limesimama juu yake. Kitu hakivutwi kwenye pembe. Kinavutwa kimshazari, kwa kamba inayofanya pembe ya digrii 30 na ardhi. Maneno yameongezeka, ndiyo, lakini maneno manne yanayoeleweka ni rahisi kuliko mawili yanayopotosha.

La tatu: “kasi ya mara kwa mara”. Mara kwa mara ni jambo linalotokea, likakoma, likatokea tena, kama mvua yetu ya Kericho. Kinachokusudiwa ni mwendo usiobadilika. Tofauti hii si ya urembo. Mwendo usipobadilika, kani ya kwenda mbele na kani ya kuzuia zinalingana, na hiyo ndiyo njia ya mkato ya kuhakiki jibu. Aliyesoma “mara kwa mara” ameibiwa njia hiyo.

La nne: “mgao wa msuguano”. Kwa Mkenya wa leo mgao ni pesa ambazo kaunti zinasubiri kutoka hazina kuu. Kile 0.4 si mgao wa mtu yeyote. Ni namba inayotueleza jinsi nyuso mbili zinavyong'ang'aniana; ikiwa ndogo zinateleza, ikiwa kubwa zinashikana. Wataalamu wa hisabati huiita namba ya aina hii kizigeu. Kizigeu cha msuguano, basi. Neno ni geni kwa wengi, nakubali, lakini ugeni ni afadhali kuliko udanganyifu. Neno geni humfanya mwanafunzi aulize. Neno la uongo humfanya adhani ameelewa.

La tano: “uzito wa kilo 120”. Hapa sitamlaumu mtafsiri peke yake, maana sote tunasema hivyo kwenye vituo vya kuuzia majani chai, na mkulima anayelipwa kwa kilo hana haja ya kusahihishwa. Katika fizikia, hata hivyo, kilo hupima tungamo, yaani wingi wa maada ndani ya gogo. Wengine husema masi. Uzito ni kani ambayo dunia inalivutia gogo hilo chini, na hupimwa kwa nyutoni. Kwa hesabu za shule, ambako kila kilo moja huvutwa kwa nyutoni 10, gogo la kilo 120 lina uzito wa nyutoni 1,200.

Sasa tuje kwenye kosa lililomwangusha kijana wetu: “nguvu ya kawaida”.

Neno la Kiingereza hapo ni normal. Barabarani neno hilo lina maana ya kawaida, na programu ikalitafsiri la barabarani. Lakini katika jiometri lina maana nyingine. Linatokana na neno la Kilatini norma, skwea ya seremala, kile chombo cha kupimia pembe mraba. Kani inayozungumziwa ni ile ambayo ardhi inausukumia mzigo kwa pembe mraba kutoka kwenye uso wake. Haina ukawaida wowote. Na tusidhani Waingereza wenyewe wamesalimika: watoto wao pia hukwama kwenye neno hilo hadi mwalimu awaeleze. Sisi tulikuwa na nafasi ya kukwepa shimo lao. Badala yake tumelitafsiri shimo.

Nilimuuliza kijana, “Uliposoma nguvu ya kawaida, ulielewa nini?”

“Si ni ile ya kawaida tu, Prof? Ile uzito wa kitu. 1,200. Nikazidisha na 0.4, nikapata 480.”

Unaona mantiki yake? Haina kasoro! Kani gani iliyo ya kawaida kwa gogo kuliko uzito wake? Kijana alifuata neno alilopewa hadi mwisho, kwa uaminifu, na neno likampeleka korongoni. Walimu wa fizikia watakuambia kwamba hili ni kosa linalojirudia duniani kote, kuchukulia kuwa kani ya ardhi ni sawa na uzito siku zote. Tafsiri hii haikumkinga dhidi ya kosa hilo. Ilimshika mkono ikampeleka.

Ili nisimwachie maneno matupu, asubuhi yake nilimpeleka kwa mzee mmoja anayekokota magogo ya mikaratusi kwa maksai. Miti hiyo ndiyo kuni za viwanda vingi vya chai, na mahali trekta haliwezi kushuka kwa matope, maksai bado wana kazi. Nira iko shingoni, gogo liko chini, na katikati kuna mnyororo. Hakuna namna mnyororo huo utalala sambamba na ardhi. Lazima uinuke kutoka kwenye gogo hadi kwenye nira. Swali la kijana lilikuwa pale mbele ya macho yake, likikoroma na kupiga mkia.

Nilimwomba mzee atueleze jinsi anavyofunga mnyororo.

“Mnyororo ukiwa mrefu,” alisema, “gogo linalala chini kama mlevi. Ufupishe kidogo, linainua kichwa, ng'ombe wanatembea. Lakini ukiufupisha sana, mzigo unawakalia shingoni na mbele hawaendi.”

Sentensi tatu. Ndani yake mna sura nzima ya kitabu cha fizikia, na hamna hata neno moja la kutafsiriwa. Hebu tuziweke kwenye hesabu, tuone.

Mnyororo unavuta kwa nyutoni 450, ukiwa umeinuka digrii 30. Mvuto huo una kazi mbili kwa wakati mmoja. Sehemu moja inalipeleka gogo mbele: 450 mara kosini ya digrii 30, yaani 0.866, tunapata nyutoni 390. Sehemu nyingine inaliinua: 450 mara sini ya digrii 30, yaani 0.5, tunapata nyutoni 225. Hiyo ndiyo “kuinua kichwa” ya mzee. Gogo lina uzito wa nyutoni 1,200, lakini mnyororo umeshabeba 225. Ardhi inabeba kilichobaki: 1,200 kutoa 225, nyutoni 975. Msuguano unategemea jinsi gogo linavyoigandamiza ardhi, kwa hiyo ni 0.4 mara 975, jibu ni nyutoni 390.

Sasa tuhakiki. Gogo linakwenda kwa mwendo usiobadilika, basi kani ya mbele lazima ilingane na msuguano. Ya mbele ni 390. Msuguano ni 390. Njia mbili zimekutana pale pale.

Na lile jibu la 480? Kama msuguano ungekuwa 480 na kani ya mbele 390, gogo lingepunguza mwendo hadi lisimame, na swali lenyewe linasema linaendelea. Kijana angeweza kuligundua kosa lake peke yake, lau “mara kwa mara” haingekuwa imemfungia mlango. Kisha nikamwonyesha jambo lililomtuliza moyo: 480 si takataka. Ni jibu sahihi la swali jingine, lile la gogo linalovutwa kwa mnyororo uliolala sambamba na ardhi. Hapo hakuna kuinua, ardhi inabeba 1,200 zote, na msuguano unakuwa 480. Alijibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.

Tukiendelea na mzee, hesabu inamthibitisha hadi mwisho. Kwa gogo hilo hilo, mnyororo uliolala unahitaji mvuto wa nyutoni 480. Ukiinuka digrii 30, 450 zinatosha. Digrii 45, zinahitajika kama 485. Digrii 60, zinafika 567, na hapo ndipo mzigo “unawakalia shingoni”. Mahali pepesi kuliko pote ni pale ambapo tanjenti ya pembe inalingana na kizigeu cha msuguano, kwa 0.4 ni karibu digrii 22, na mvuto ni takriban nyutoni 446. Anayelisukuma gogo kutoka nyuma huku akilielemea chini kwa digrii 30 ana habari mbaya zaidi: atahitaji nyutoni 721 hivi, kwa kuwa anaiongezea ardhi mzigo badala ya kuipunguzia.

Bila shaka udongo wetu wa Kericho ukilowa, kizigeu hakikai mahali pamoja, na 0.4 ni namba ya darasani tu. Lakini kanuni ni ya kuaminika. Leonardo da Vinci aliiandika katika madaftari yake, Mfaransa Guillaume Amontons akaitoa tena mwaka 1699, na Charles-Augustin de Coulomb akachapisha uchunguzi wake mpana mwaka 1785: msuguano huongezeka kwa kadiri ya mgandamizo. Mzee wetu hajawasoma hao. Amefika walikofika kwa kufuata mkia wa ng'ombe.

Sasa, normal tuiiteje? Wapo wanaopendekeza “kani wima”. Wazo si baya kwenye sakafu, lakini lipeleke kwenye mteremko wa shamba la majani chai uone. Wima ni kwenda juu moja kwa moja, kama nguzo ya stima. Ardhi ya mteremko haisukumi hivyo. Husukuma kwa pembe mraba kutoka kwenye uso wake, na uso umeinama. Gogo letu likitulia kwenye mteremko wa digrii 20, ardhi inalisukuma kwa nyutoni 1,128 tu, wala si 1,200. “Wima” itampotosha mwanafunzi kilimani jinsi “kawaida” ilivyompotosha bondeni. “Kani ya pembe mraba” ni sahihi popote, ila haisemi inafanya kazi gani.

Mimi napendekeza “kani himili”. Kuhimili ni kustahimili mzigo, kuubeba bila kuuachia. Mhimili wa nyumba ni wa ukoo huo. Mwanafunzi akikutana na kani himili atalazimika kujiuliza: ardhi inahimili kiasi gani hapa? Hawezi kuandika 1,200 kabla hajatazama kama kuna mnyororo unaomsaidia mbebaji. Istilahi nzuri ndiyo hiyo, ile inayomwuliza msomaji swali linalofaa kabla hajaanza kuhesabu. Akitokea mwenye neno bora, nitalipokea kwa mikono miwili na hili langu nitalizika.

Kabla ya msomaji kunirukia, najua pingamizi litakalokuja. Mtihani wa kidato cha nne wa fizikia ni wa Kiingereza. Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu kijana hufanya mtihani kwa Kiingereza lakini haelewi kwa Kiingereza peke yake. Anasoma kwa Kiingereza, anajadili na wenzake kwa Kiswahili, anamweleza nyanyake kwa Kikipsigis. Maana hupita kwenye madaraja hayo yote, na daraja moja likioza mzigo unaanguka mtoni. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi inayoweza kuapisha gavana lakini ikashindwa kueleza gogo linavyokokotwa ina urasmi wa suti ya kuazima.

Pingamizi la pili ni lile la zamani, ati Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Watoto wa shule za msingi Tanzania wamesoma sayansi kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990. Huko utamkuta kani, mchapuko, kanieneo na wengineo, wazima wa afya, wakisubiri wageni. Tatizo letu sisi wasomi, nami nimo, ni kwamba tuliyaunda maneno tukayafungia kabatini. Tuliandikiana makala, tukapandishwa vyeo, na kijana wa Bomet hakuwahi kuona hata ukurasa mmoja. Mashine inayotafsiri hujifunza kutokana na kilichoandikwa. Kama hatukuandika, itaokota nini? Itaokota “kawaida”.

Wala maneno yasiyo ya kamusini hayakosi. Kiingereza cha swali lile kina neno moja la kuvuta. Sisi tunavuta, tunakokota, tunaburuta. Unaweza kuvuta kamba isisogee, ukavuta pumzi, ukavuta hata sigara kwa hasara yako. Lakini ukikokota au kuburuta, ardhi tayari imo ndani ya kitenzi. Mtafsiri angeandika “linalokokotwa”, mwanafunzi angeanza kuufikiria msuguano kabla hajafika kwenye nukta.

Nililiandika swali upya nyuma ya karatasi ya kijana: “Maksai wanakokota gogo la kilo 120 kwenye ardhi tambarare kwa mwendo usiobadilika. Mnyororo unavuta kwa kani ya nyutoni 450 na umeinuka digrii 30 kutoka ardhini. Kizigeu cha msuguano kati ya gogo na ardhi ni 0.4. Tafuta kani himili ya ardhi, kisha utafute msuguano.”

Alilisoma mara moja. Akachora ng'ombe (vibaya sana), akachora mnyororo, akaandika 225, akafuta uzito wake wa zamani, akaandika 975. Alipofika 390 hakunionyesha kwanza. Alikwenda moja kwa moja kuangalia kama sehemu ya mbele ni 390 pia.

“Prof,” alisema, “kumbe hii kitu ilikuwa rahisi hivi.”

Haikuwa rahisi, kijana wangu. Ilikuwa imeandikwa vibaya.